Kadi ya Diski kwa Seva ya Nyumbani: Hesabu Njia Kabla ya Kuhesabu Poti

Rafiki yangu alinitumia picha ya kadi aliyoiona mtandaoni. Ina poti 16 za SATA, yaani matundu ya kuchomekea diski, zilizopangwa mistari miwili, na chini yake kijino kifupi cha PCIe x1, kile kinachoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya diski moja. Akaniuliza, "Sasa nihangaike na nini tena?" Nikamuuliza na mimi: nyumbani kwako kuna koki ngapi, na bomba linaloingia kutoka barabarani ni la ukubwa gani? Anajua jibu, kwa sababu kwao mtu akioga, jikoni maji hukatika.

Mwongozo huu ndio jibu langu refu kwake. Ni kwa mtu mwenye diski kati ya 4 na 12, anayetaka kujenga seva ya nyumbani ambayo RAID yake (kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki) inaendeshwa na programu, iwe mdadm ya Linux, ZFS kwenye TrueNAS au Proxmox, au kitu cha aina hiyo. Sitagusa upande wa Windows.

Kwanza elewa kadi inatakiwa ifanye nini

Inatakiwa isifanye kitu. Natania kidogo tu.

Kadi za RAID za seva kubwa, mfano Dell PERC H700 na H710, zina prosesa yake, kumbukumbu yake na betri yake. Zinachukua diski zako, zinaziunganisha zenyewe, kisha zinauonyesha mfumo endeshi diski moja kubwa ya kubuni. Ofisini, palipo na mkataba wa matengenezo na kadi ya akiba kabatini, huo ni utaratibu mzuri. Nyumbani una kadi moja. Ikifa, diski zako zinabaki na maandishi ambayo kadi za ukoo huo tu ndizo zinazoyasoma, nawe unaanza kuzunguka madukani kutafuta pacha wa marehemu.

RAID ya programu inageuza mambo. Taarifa za jinsi diski zilivyoungana zimeandikwa kwenye diski zenyewe, na Linux yoyote yenye programu hiyo inazisoma. Mazabodi ikiungua leo, kesho unachomoa diski, unazichomeka kwenye kompyuta nyingine, hata kwa kadi ya aina tofauti, na data inarudi. Lakini hili linawezekana kwa sharti moja: mfumo endeshi uione kila diski kama ilivyo, kwa jina lake, namba yake ya kiwandani (serial) na taarifa zake za SMART, yaani za afya ya diski. Kadi inayofanya hivyo tu, yaani kupitisha diski bila kuzigusa, huitwa HBA.

Utakutana na ushauri kwamba kadi ya RAID si tatizo, kila diski ifanye RAID 0 ya diski moja halafu ZFS ijengwe juu yake. Usikubali. Kadi bado inaandika alama zake kwenye diski, SMART inafichwa au inapatikana kwa kuzunguka, na kumbukumbu ya kadi inaweza kuiambia ZFS "nimeshaandika" wakati data bado iko njiani. Umeme ukikatika hapo, na sisi tunajua unavyokatika, uongo huo unakuwa wako.

Hatua ya 1: Fungua kitabu cha mazabodi kabla ya kufungua pochi

Inawezekana huhitaji kadi. Mazabodi nyingi zina poti 4 au 6 za SATA, na poti hizo ni HBA nzuri tayari. Ingia BIOS uhakikishe ziko kwenye AHCI, hali ya kawaida ya kuonyesha kila diski kama ilivyo, sio kwenye kile kinachoitwa RAID. RAID hiyo ya BIOS ina udhaifu wa pande zote mbili: imefungwa kwa mazabodi, na kazi bado inafanywa na prosesa yako.

Ukiwa na kitabu mkononi, tafuta mambo matatu. La kwanza, je, ukichomeka SSD ya M.2, kuna poti za SATA zinazozimika? Kwenye mazabodi nyingi ndivyo ilivyo, na watu huhangaika siku nzima wakidhani diski imekufa. La pili, sloti zipi ni ndefu kwa sura tu. Sloti ya pili yenye urefu wa x16 mara nyingi ndani ina nyaya za x4, na hupitia chipu ya mazabodi badala ya kwenda moja kwa moja kwa prosesa. La tatu, kila sloti ni PCIe ya kizazi gani, 2.0, 3.0 au 4.0.

Andika majibu kwenye karatasi. Utayahitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: Hesabu njia

PCIe ni barabara yenye njia kadhaa. x1 ni njia moja, x4 ni nne, x8 ni nane. Kila njia ya kizazi cha 2.0 inabeba 500 MB kwa sekunde, na ya 3.0 inabeba karibu 985 MB. Hizo ni namba za kwenye karatasi. Katika matumizi halisi toa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo mimi hukadiria 400 kwa njia ya 2.0 na 820 kwa njia ya 3.0.

Diski kubwa ya kisasa ya kuzunguka, ya 7200 rpm, inasoma takriban 250 MB kwa sekunde upande wa nje wa sahani, na inapungua hadi karibu nusu ya hapo ikifika ndani. Kwa wastani chukua 180.

Sasa rudi kwenye kadi ya rafiki yangu. Njia moja ya PCIe 3.0, sema 820 MB. Akiweka diski 12, kila moja inapata chini ya 70. Mtandao wa nyumbani wa 1 Gb hauwezi kupitisha zaidi ya 118 MB hivi kwa sekunde, kwa hiyo akiangalia filamu au kunakili picha hataona tatizo lolote. Ndiyo maana maoni ya wanunuzi wa kadi hizi yanapendeza: wengi wameipima siku ambayo haifanyi kazi ngumu.

Kazi ngumu inakuja diski ikifa. Hapo RAID inasoma diski zote zilizobaki kwa pamoja ili ijenge ile mpya. Diski ya TB 8 ikijengwa kwa 180 MB kwa sekunde inachukua saa 12 na dakika chache. Kwa 70 MB inachukua karibu saa 32. Hizo saa 20 za ziada diski zako za umri mmoja, zilizonunuliwa siku moja, zinachapwa mfululizo bila kinga au kwa kinga pungufu. Ukaguzi wa kila mwezi wa diski zote nao hula muda huohuo.

Kuna shida nyingine ndani ya kadi hizo. Chipu yenyewe, mara nyingi ASM1064, ina poti 4 tu. Poti nyingine zimezalishwa na vigawanyaji, kama JMB575, ambavyo vinachukua poti moja ya SATA na kuigawa kwa diski 5. Diski moja kati ya hizo ikikwama kusoma na poti ikalazimika kuanza upya, wenzake wote wanne wanatikiswa nayo. RAID ikiona diski tano zimepotea kwa wakati mmoja haiulizi ni kosa la nani.

Kwa hiyo fanya hesabu hii: idadi ya diski mara 180, kisha linganisha na uwezo wa sloti. Diski 4 ni 720, zinatosha kwenye njia moja ya 3.0. Diski 6 ni 1080, zinataka njia mbili za 3.0. Diski 8 ni 1440, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kadi ya zamani ya PCIe 2.0 x8, ukiichomeka kwenye sloti yenye nyaya za x4, inapata njia nne za 2.0, yaani 1600 hivi. Inatosha. Huhitaji sloti ya kifahari.

Kumbuka tu kwamba kadi na sloti huenda kwa mwendo wa yule aliye nyuma. Kadi ya 3.0 kwenye sloti ya 2.0 inatembea kwa mwendo wa 2.0.

Hatua ya 3: Chagua ukoo

Kuna koo mbili za kuzingatia.

Wa kwanza ni kadi ndogo za SATA. Ukihitaji poti 4 hadi 6 za nyongeza, huu ndio mlango wako. Usisome jina la duka lililo kwenye boksi, soma jina la chipu. ASM1166 ina poti 6 juu ya PCIe 3.0 x2. JMB585 ina poti 5, nayo ni x2. ASM1064 ina poti 4 juu ya x1. Zote tatu zinatumia draiva ya kawaida ya AHCI, kwa hiyo Linux inazitambua bila wewe kufanya lolote. Zinakula wati chache na hazihitaji feni. Poti zikizidi idadi niliyotaja hapa, ujue mara nyingi kuna kigawanyaji kimejificha.

Chipu za Marvell za zamani, kama 88SE9230, nakushauri uziache, hasa ukipanga kuendesha mashine pepe. IOMMU (kipengele kinachoiruhusu mashine pepe kushika kadi moja kwa moja) ikiwashwa, zina historia ya kutoa makosa na diski kupotea. Zipo zinazofanya kazi kwa watu, lakini sioni sababu ya kujitafutia.

Ukoo wa pili ni LSI. Kampuni ya LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na Avago ikachukua jina la Broadcom mwaka 2016, kwa hiyo kadi ileile utaikuta kwa majina matatu. Hizi ni kadi za seva zilizostaafu, zinauzwa mitumba, na kwa diski 8 sijaona kinachozishinda kwa bei. Nyuma ya jina angalia herufi: 8i ni poti 8 za ndani, 8e ni za nje. Watu wamenunua 8e kwa bei nzuri wakaishia kupitisha waya kwenye tundu la nyuma ya boksi.

Vizazi vyake, kwa jina la chipu:

- SAS1068E: 3 Gb kwa sekunde, na haitambui diski kubwa kuliko TB 2. Hata ukipewa bure, kataa. IBM BR10i na LSI 3081E-R ni za hapa.
- SAS2008: 6 Gb, PCIe 2.0 x8. Kadi yake maarufu ni 9211-8i. IBM M1015, Dell H200 na Dell H310 ni ndugu zake waliovaa nguo tofauti.
- SAS2308: 6 Gb, PCIe 3.0 x8. Hii ni 9207-8i.
- SAS3008: 12 Gb, PCIe 3.0 x8. Hii ni 9300-8i.

Kwa diski za kuzunguka, tofauti ya 6 na 12 Gb haikuhusu. Hakuna diski hata moja ya aina hiyo inayokaribia 6. Mimi ningenunua 9207-8i nikiipata kwa bei ya karibu na 9211-8i, na ningelipia 9300-8i endapo tu nina mpango wa kukaa nayo miaka mingi, kwa kuwa draiva za zamani huanza kuachwa. Tayari Red Hat Enterprise Linux 8 iliondoa chipu ya SAS2008 kwenye orodha yake. Debian na Ubuntu bado zinaibeba kupitia draiva ya mpt3sas.

9300-16i inavutia kwa poti 16 halisi, lakini ni chipu mbili za SAS3008 kwenye bodi moja, na joto lake ni la chipu mbili. Kwa boksi la nyumbani, nani anaitaka hiyo?

Faida nyingine ya LSI ni kwamba inapokea diski za SAS, yaani za seva, na za SATA. Kadi ya SATA haiwezi kupokea diski ya SAS. Ukiona diski za SAS za mitumba kwa bei nzuri, uliza kama zimepangwa kwa sekta za baiti 512 au 520. Za 520 zinatoka kwenye makabati ya hifadhi ya makampuni, na Linux haitazitumia hadi uzifomati upya, kazi ya saa nyingi kwa kila diski.

Upande wa umeme, kadi ya SAS2008 inakula karibu wati 10 usiku na mchana. Kwa mwaka ni uniti 88 hivi. Kama unahitaji poti mbili tu za ziada, hilo peke yake linatosha kukurudisha kwenye ASM1166.

Hatua ya 4: Kununua mtumba bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kadi za LSI huja na programu dhibiti (firmware) za namna mbili. IR ina RAID yake ya ndani, IT inapitisha diski tu. Unataka IT. Muulize muuzaji swali moja la maandishi: "Ipo kwenye IT, na toleo gani?" Kwa SAS2008 na SAS2308 jibu unalolitaka ni P20, na hasa 20.00.07.00. Matoleo ya mwanzo ya P20 yalikuwa na matatizo, kwa hiyo mtu akikujibu "P20" bila tarakimu za mwisho, mwombe picha ya skrini. Kwa SAS3008 tafuta 16.00.12.00.

M1015, H200 na H310 zinatoka kiwandani zikiwa na programu za IBM na Dell. Kuzigeuza kunawezekana, watu wamefanya maelfu kwa maelfu, lakini hatua zake ni nyingi na kadi inaweza kufa katikati. Kama hupendi usumbufu, lipa nyongeza ununue iliyokwisha kugeuzwa. Jihadhari pia na H310 ya aina ya "mini": haina kijino cha kawaida cha PCIe, inaingia kwenye seva za Dell peke yake.

Bandia zipo, hasa za 9211-8i na 9300-8i zinazodaiwa kuwa mpya kabisa kwenye boksi. Mtumba wenye vumbi na stika ya seva ya zamani huwa unanipa imani kuliko "mpya" wa bei ya ajabu. Halafu angalia bati la pembeni: kadi nyingi za seva zina bati fupi la maboksi membamba. Bila bati refu kadi inaning'inia, na kila ukivuta waya inachomoka kidogo.

Hatua ya 5: Nyaya, mahali panapoangusha wengi

Kadi za 6 Gb zina soketi inayoitwa SFF-8087. Za 12 Gb zina SFF-8643, ndogo zaidi. Kila soketi inatoa diski nne, kwa waya wenye kichwa kimoja upande wa kadi na mikia minne ya SATA upande wa diski. Nauita waya wa pweza, ingawa pweza huyu amepungukiwa mikono.

Mtego uko hapa: waya huo upo wa mbele na wa nyuma, na kwa macho hutofautishi. Wa mbele unatoka kwenye kadi kwenda kwenye diski nne. Wa nyuma unatoka kwenye poti nne za mazabodi kwenda kwenye soketi moja ya kabati la diski. Ukinunua wa nyuma kwa kosa, hakuna kitakachoungua, ila hakuna diski itakayoonekana, nawe utailaumu kadi. Kwenye tangazo tafuta maneno "forward breakout". Urefu usizidi mita 1. Nusu mita inatosha kwa boksi la kawaida.

Waya wa umeme unastahili hofu kuliko ule wa data. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Kichwa cha SATA cha umeme kimepimwa kwa ampea 4.5 kwenye volti hiyo. Kwa hiyo kigawanyaji kinachotoka kwenye kichwa kimoja cha SATA kwenda diski nne kinabebeshwa karibu mara mbili ya uwezo wake kila unapowasha mashine. Toa umeme kwenye vichwa vikubwa vya Molex, na uepuke vile vigeuzi vya Molex kwenda SATA ambavyo kichwa chake cha plastiki kimemiminwa kipande kimoja juu ya nyaya. Ndani ya plastiki hiyo nyaya husogeleana, na hao ndio wanaoleta moshi. Chukua vile ambavyo kila waya umebanwa peke yake na kifuniko kinafunguka.

Na tafadhali, usichanganye nyaya za pawa saplai zinazochomoka. Upande wa diski zinafanana, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Nimeunguza diski mbili hivyo, usiku, kwa uvivu wa kutafuta waya uliokuwa kwenye kabati la chumba cha pili.

Hatua ya 6: Joto

Kadi za LSI zilibuniwa kwa seva zenye feni zinazovuma kama jenereta. Kipoza joto chake ni kidogo kwa sababu mbunifu alitegemea upepo huo. Ukiiweka kwenye boksi la nyumbani lililo kimya, katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa cha nyuzi 31, itapika. Haizimiki ghafla. Inaanza kupoteza diski moja moja, kwa makosa yasiyo na mpangilio, na mwenye nyumba anabadilisha diski nzima nzima.

Dawa ni feni ya milimita 40 iliyofungwa juu ya kipoza joto kwa vibanio vya plastiki, au ya milimita 80 inayopuliza sloti zote. Kadi ikiwa ya umri mkubwa, ng'oa kipoza joto, futa ule mkate mkavu wa dawa ya zamani, paka dawa mpya ya kupitisha joto. Pwani ongeza kusafisha vumbi kila miezi michache. Vumbi letu lina chumvi na unyevu, likikaa linashika.

Hatua ya 7: Kuiweka na kuitazama

Zima, chomoa umeme, chomeka kadi bila diski zenye data. Washa, kisha:

```
lspci -nnk
```

Kadi ya LSI ionekane na chini yake iandikwe mpt3sas. Ndogo ya SATA iandikwe ahci. Mashine ikikataa kuwaka kabisa ikiwa na kadi, hasa mazabodi za kawaida zikikutana na kadi za IBM au Dell, dawa inayojulikana ni kufunika pini B5 na B6 za kijino kwa kipande chembamba cha utepe unaostahimili joto. Inasikika kama uganga, lakini pini hizo ni za mawasiliano ya usimamizi tu, na mazabodi nyingine huchanganyikiwa nazo.

Sasa hakikisha njia ulizohesabu zimepatikana kweli:

```
lspci -vv -s 01:00.0 | grep LnkSta
```

Weka anwani ya kadi yako badala ya 01:00.0, na utumie sudo. 5GT/s ni kizazi cha 2.0, 8GT/s ni 3.0, na mbele yake utaona x4 au x8. Ukiona x1 ulipotarajia x8, zima uichomeke tena, kisha usome upya kitabu cha mazabodi.

Toleo la programu dhibiti ya SAS2008 na SAS2308 unaliona kwa:

```
sas2flash -listall
```

Ukilazimika kubadilisha, andika kwanza anwani ya SAS ya kadi kwenye karatasi, huwa inaanza na 500605b kwenye kadi za LSI. Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS. Na ukishaifuta programu ya zamani, usiwashe upya mashine hadi mpya iwe imeingia. Hapo ndipo kadi nyingi huuawa. Ile sehemu ya kuwashia kutoka kwenye diski, BIOS ya kadi, unaweza kuiacha bila kuiweka kama mfumo wako unaanzia kwenye SSD ya mazabodi. Mashine itawaka haraka zaidi.

Kuhusu SSD: ziache kwenye poti za mazabodi. Kadi za LSI zina masharti yake kuhusu TRIM (amri inayoiambia SSD nafasi ipi imeachwa wazi), na SSD nyingi za bei ya kawaida hazitimizi.

Hatua ya 8: Itese kabla ya kuiamini

Hapa usiwe na huruma. Soma diski moja peke yake, andika kasi uliyoipata, kisha soma zote kwa pamoja:

```
for d in /dev/sd[b-i]; do
  dd if=$d of=/dev/null bs=1M count=20000 iflag=direct &
done; wait
```

Kusoma hakufuti kitu. Kasi ya kila diski ikishuka kidogo zikiwa pamoja, ni kawaida. Ikishuka kwa nusu, umepata bomba jembamba. Katika dirisha la pili acha `dmesg -w` ikiendelea. Maneno kama "link reset" au "task abort" hayatakiwi kuonekana hata mara moja.

Baada ya hapo ipe kila diski kipimo kirefu kwa `smartctl -t long`, na siku inayofuata tazama `smartctl -a`. Kipengele namba 199, UDMA_CRC_Error_Count, kinakuhusu sana: kikipanda, diski haina kosa, ni waya au kichwa kilicholegea. Namba hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo kinachoangaliwa ni kama inaongezeka. Diski tupu kabisa unaweza kuzipitisha kwenye `badblocks -wsv -b 4096`, ila kumbuka amri hiyo inafuta kila kitu na kwa diski kubwa huchukua siku kadhaa.

Kuna mpangilio mmoja ambao miongozo mingi inauruka. Diski ya kawaida ikikutana na sekta mbovu inaweza kung'ang'ana nayo dakika nzima au zaidi, wakati Linux inasubiri sekunde 30 tu kisha inaanza kuitikisa poti. RAID inaitoa diski ambayo ilikuwa nzima. Jaribu:

```
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb
```

Diski ikikubali, itakata tamaa baada ya sekunde 7 na RAID itasahihisha sekta hiyo kutoka kwa wenzake. Ikikataa, iongezee Linux uvumilivu:

```
echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout
```

Yote mawili husahaulika ukizima mashine, kwa hiyo yaweke kwenye skripti inayoendeshwa kila inapowaka.

Mwisho, kabla data haijaingia, fanya zoezi la msiba. Tengeneza RAID, endesha `lsblk -o NAME,SERIAL`, na ubandike kwenye ukingo wa nje wa kila diski lebo yenye herufi nne za mwisho za namba yake. Majina ya sdb na sdc hubadilika mashine ikiwaka upya, namba ya kiwandani haibadiliki. Zima mashine, chomoa diski moja kwa kufuata lebo, washa, uone kama iliyopotea kwenye `/proc/mdstat` au `zpool status` ndiyo uliyoshika mkononi. Irudishe, iache ijijenge, pima imechukua saa ngapi. Saa hizo ziandike ndani ya mlango wa boksi kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na toleo la programu dhibiti ya kadi na tarehe uliyobadilisha dawa ya joto.

Rafiki yangu aliishia kununua 9207-8i ya mtumba na nyaya mbili za pweza. Moja ilikuwa ya nyuma.